UZI MAALUMU: Devin Hester, mrudisha mateke aliyewafanya wapinzani wauogope mpira wao wenyewe

Wakuu, naomba nianze na tukio ambalo halikuhesabiwa. Tarehe 25 Septemba 2011, katika uwanja wa Soldier Field mjini Chicago, timu ya futiboli ya Kimarekani ya Chicago Bears ilikuwa nyuma kwa pointi 17 dhidi ya 27 za Green Bay Packers, na muda ulikuwa unayoyoma. Packers waliupiga mpira juu ili kuwaachia wenyeji. Devin Hester alikimbilia upande mmoja wa uwanja, akainua uso na mikono kama mtu anayeusubiri mpira ushuke, na kikosi cha Packers kikamfuata kumzingira. Mpira haukuwa huko. Ulikuwa unashuka upande wa pili, ambako mwenzake Johnny Knox aliudaka akiwa peke yake, akakimbia yadi 89 hadi mwisho wa uwanja. Mwamuzi alikuwa amekwisha kutupa kitambaa cha njano kwa kosa la kumshika mpinzani, hivyo pointi zile zikafutwa na Packers wakashinda.

Nimeitazama picha ya tukio hilo mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, na kila mara linanifundisha jambo lile lile kuhusu Hester. Wachezaji wa timu iliyokuwa bingwa mtetezi wa NFL, ligi kuu ya kulipwa ya mchezo huo Marekani, waliacha kuutafuta mpira wakamtafuta mtu, kwa sababu kwa miaka mitano walikuwa wameaminishwa kwamba alipo Hester ndipo penye hatari.

Ukifungua kumbukumbu za ligi utamkuta ameandikwa kama mpokeaji wa pembeni na mrudisha mateke. Kwa upokeaji, hesabu zake ni za kawaida: katika maisha yake yote ya NFL alidaka pasi 255 kwa yadi 3,311 na tachidauni 16, yaani mara alizofunga kwa kuufikisha mpira mwisho wa uwanja. Kwa urudishaji, alifunga mara 20 katika mechi za msimu wa kawaida, na hakuna aliyefikisha idadi hiyo kabla yake. Hoja yangu katika uzi huu ni kwamba hata hiyo 20 inampunja, kwa sababu sehemu kubwa ya mchango wake ilikuwa katika mateke ambayo wapinzani walikataa kumpelekea.

Kwa wale waliozoea kandanda, nieleze kidogo. Katika futiboli ya Kimarekani mpira hubadilisha mikono kwa teke katika nafasi mbili kuu. Ya kwanza ni teke la kuanzia, ambalo hupigwa mwanzoni mwa kila nusu na baada ya timu kufunga. Ya pili ni teke la kuachia: timu iliyoshindwa kusogea yadi 10 kwa majaribio yake huupiga mpira mbali, ili mpinzani aanze mashambulizi karibu na lango lake mwenyewe. Mtu anayeudaka mpira huo ndiye mrudishaji. Anasimama peke yake nyuma, macho yameelekea angani, huku wanaume wenye miili mikubwa wakimjia kwa kasi yote waliyonayo, na ana muda mfupi mno wa kuamua ama kuinua mkono kuomba adake bila kuguswa, ama kuuacha mpira uanguke, ama kukimbia. Kazi hii kwa kawaida hupewa mchezaji wa akiba, kwa kuwa ni ya hatari na makocha hawapendi kumwumiza nyota wao. Kwa miaka mingi ilihesabiwa kuwa kazi ya pembeni.

Hester alizaliwa tarehe 4 Novemba 1982 katika mji wa Riviera Beach, jimbo la Florida. Utoto wake ulikuwa na majonzi, kwani alimpoteza baba yake akiwa bado mdogo, na mama yake aliwahi kuumia vibaya katika ajali ya gari. Alisoma Shule ya Sekondari ya Suncoast, kisha akaenda Chuo Kikuu cha Miami, ambako makocha walimchezesha katika ulinzi, katika mashambulizi na katika kurudisha mateke. Ustadi huo wa mambo mengi ulimgeukia kuwa tatizo, kwa maana alipofika kwenye uteuzi wa wachezaji wapya wa NFL mwaka 2006 hakuwa na nafasi moja ambayo ungeweza kusema ni yake. Bears walimchukua katika raundi ya pili akiwa mtu wa 57, wakamwandikisha kama beki wa pembeni, na wengi walishangaa timu yenye ulinzi imara kiasi kile kutumia nafasi ya juu kwa kijana ambaye kazi yake hasa ilikuwa kukimbia na mipira ya mateke.

Mshangao huo haukudumu. Katika mechi yake ya kwanza kabisa, tarehe 10 Septemba 2006 nyumbani kwa Packers, alirudisha teke la kuachia kwa yadi 84 na kufunga, Bears wakashinda 26 kwa 0.

Tarehe 16 Oktoba mwaka ule ule Bears walikuwa Arizona kucheza na Cardinals. Mechi hii ingetosha kuandikiwa uzi wake. Kwotabeki wao, yaani mrusha pasi anayeongoza mashambulizi, Rex Grossman, alikuwa na usiku mbaya kupita kiasi, akanyang'anywa pasi nne, na Bears walikuwa nyuma kwa pointi 20 hata robo ya tatu ikielekea ukingoni. Walinzi wao wawili, Mike Brown na Charles Tillman, walifunga kwa mipira iliyowadondoka wapinzani. Kisha, zikiwa zimebaki dakika chini ya tatu, Hester akalirudisha teke la kuachia kwa yadi 83. Bears walishinda 24 kwa 23 bila ya safu yao ya mashambulizi kufunga tachidauni hata moja.

Mwezi Novemba, dhidi ya New York Giants, alifanya jambo la ujanja zaidi. Giants walijaribu teke la pointi tatu, lile la kuupitisha mpira kati ya nguzo za goli, kutoka mbali, likapungukiwa nguvu. Hester, aliyekuwa amesimama ndani kabisa ya eneo la mwisho, yaani nyuma ya mstari wa goli wa timu yake, aliudaka mpira akaanza kutembea taratibu kama mtu aliyekwisha kuukatia tamaa mchezo. Giants wakalegea. Ghafla akachomoka, akakimbia yadi 108. Mwenzake Nathan Vasher alikuwa amekimbia umbali huo huo katika tukio la aina hiyo mwaka mmoja kabla. Na mwezi Desemba, katika mji wa St. Louis, Hester alirudisha mateke mawili ya kuanzia katika mechi moja, la yadi 94 na la yadi 96. Alimaliza msimu wake wa kwanza akiwa amefunga mara sita kwa kurudisha, idadi ambayo hakuna mchezaji aliyewahi kuifikia katika msimu mmoja.

Kisha ikaja Super Bowl ya 41, fainali ya ligi, tarehe 4 Februari 2007, mvua ikinyesha katika eneo la Miami, si mbali na alikozaliwa. Ilikuwa ya kwanza kuwa na kocha mkuu Mweusi, na walikuwa wawili: Lovie Smith wa Bears na Tony Dungy wa Indianapolis Colts. Dungy alieleza baadaye kwamba aliwaambia vijana wake wampigie Hester mpira makusudi, ili waonyeshe kuwa hawamwogopi. Teke la kwanza la Adam Vinatieri lilimfikia Hester, na baada ya sekunde 14 alikuwa amekwisha kukimbia yadi 92 na kufunga. Hakuna aliyewahi kufunga kwa teke la kuanzia mchezo wa Super Bowl kabla yake. Colts walishinda 29 kwa 17, nao hawakurudia ujasiri ule: mateke yao yaliyofuata yalikuwa mafupi, ya kuviringisha chini, yakielekezwa kwa mtu mwingine yeyote asiye Hester.

Hapo ndipo kiini cha jambo kilipo, nami naomba nikae hapo kwa muda. Kwa kanuni za miaka ile, teke la kuanzia lililotua katika eneo la mwisho bila kurudishwa liliwapa wapokeaji mpira kwenye yadi ya 20 kutoka mstari wao wa goli. Teke lililotoka nje ya mstari wa pembeni liliwapa mpira kwenye yadi ya 40. Timu iliyoamua kumkwepa Hester kwa mateke mafupi au ya kutoka nje ilikuwa inawagawia Bears yadi 15 au 20 kila mara, kabla hata kwotabeki hajaugusa mpira. Bears wa miaka ile hawakuwa na mashambulizi makali, kwa hiyo yadi hizo zilikuwa riziki yao. Zikisogezwa mbele kiasi hicho, hata majaribio matatu yaliyokwama yanaweza kuishia kwenye teke la pointi tatu la mpigaji wao, Robbie Gould. Hakuna safu katika jedwali la takwimu inayoziandika yadi hizo chini ya jina la Hester. Zinaandikwa kama mahali pa kuanzia tu, kana kwamba zimeota zenyewe.

Denver Broncos walikataa kujifunza. Tarehe 25 Novemba 2007 walikuja Chicago wakampigia mpira, naye katika robo ya tatu peke yake akawafunga kwa teke la kuachia yadi 75 na kwa teke la kuanzia yadi 88. Bears walishinda 37 kwa 34 katika muda wa nyongeza. Msimu huo pia aliumaliza na tachidauni sita za kurudisha. Misimu miwili, kumi na mbili, bila kuihesabu ile ya Super Bowl.

Mchangiaji wa kwanza: Mkuu, shukrani kwa uzi wenye maelezo ya kina. Ninalo swali moja. Kama alikuwa hatari kiasi hicho, kwa nini uongozi wa Bears ulimwondoa kwenye ubeki na kumfanya mpokeaji wa pembeni, wakati ulikuwa na dhahabu mkononi?

Mwanzisha uzi: Mkuu, swali lako ndilo linaloniuma zaidi katika habari yote hii. Mantiki yao ilikuwa rahisi kueleweka: mtu anayeweza kufunga akipata mpira, apewe mpira mara nyingi iwezekanavyo. Mwaka 2007 walimhamishia kwenye mashambulizi, na dhidi ya Minnesota Vikings mwaka huo alidaka pasi na kufunga kwa yadi 81, siku hiyo hiyo aliyorudisha teke la kuachia kwa yadi 89. Nani angeona hayo na kusita? Mwaka 2008 wakampa mkataba mpya uliokuwa unaweza kufikia takriban dola milioni 40, ambao sehemu yake ilitegemea kazi yake ya upokeaji.

Lakini upokeaji wa pembeni ni fani inayotaka miaka. Mpokeaji anakimbia njia iliyochorwa, anahesabu hatua, anageuka katika nukta ambayo kwotabeki amekwisha kuurusha mpira hata kabla hajageuka. Anamsoma beki, anabadilisha njia katikati ya mbio, na kwotabeki anatarajia abadilishe vile vile anavyofikiri yeye. Mrudishaji hufanya kinyume cha hayo: hana njia, anaitengeneza kwa macho huku akikimbia. Hester alikuwa bingwa wa hili la pili, naye akatakiwa kujifunza lile la kwanza akiwa tayari yuko kwenye ligi ya kulipwa, mbele ya watazamaji, akiwa na makwotabeki waliobadilikabadilika.

Hakushindwa kabisa, na ni dhuluma kusema alishindwa. Mwaka 2008 alidaka pasi 51 kwa yadi 665, na mwaka 2009 pasi 57 kwa yadi 757, akiongoza timu kwa yadi za upokeaji. Ila katika misimu hiyo miwili hakufunga hata mara moja kwa kurudisha teke. Kazi ya kurudisha mateke ya kuanzia ilihamia kwa Danieal Manning, na miguu ya Hester ikatumika katika mbio za upokeaji.

Mchangiaji wa pili: Ndugu mwanzisha uzi, kwa heshima zote, naona unamwonea kocha. Wapinzani pia walikuwa wamebadilisha mateke yao, na watu waliokuwa wakimzuilia njia waliondoka. Brendon Ayanbadejo, ambaye alikuwa nguzo ya vikosi maalumu, yaani wachezaji wanaoingia wakati wa mateke, alihamia Baltimore mwaka 2008. Tusimlaumu mtu mmoja kwa jambo lenye sababu nyingi.

Mwanzisha uzi: Nakubali, ndugu yangu, na nakushukuru kwa kunisahihisha. Kidole kimoja hakivunji chawa. Kila mbio ya Hester ilikuwa na watu waliotangulia kuwasukuma wakimbiaji wa pembeni wa wapinzani ili wasimfikie mapema, na nyuma ya mpangilio huo alikuwepo Dave Toub, kocha wa vikosi maalumu, ambaye kwa maoni yangu hatajwi inavyostahili. Toub alifanya kazi Chicago hadi mwisho wa msimu wa 2012.

Hata hivyo tazama yaliyofuata. Mwaka 2010 mzigo wa upokeaji ulipopungua, akadaka pasi 40, akarudi kufunga kwa mateke ya kuachia mara tatu. La tatu kati ya hayo lilikuja tarehe 20 Desemba dhidi ya Vikings, katika baridi ya uwanja wa Chuo Kikuu cha Minnesota, ambako mechi ilihamishiwa baada ya paa la Metrodome kuporomoka kwa theluji. Kwa yadi hizo 64 alimpita Brian Mitchell, aliyekuwa akishikilia rekodi, kwa jumla ya tachidauni za kurudisha mateke ya kuanzia na ya kuachia. Mwaka 2011 akadaka pasi 26 tu, akafunga tena mara tatu kwa kurudisha, na yadi 69 alizowakimbia Carolina Panthers mwezi Oktoba zilimpitisha mbele ya Eric Metcalf, aliyekuwa akiongoza kwa tachidauni za mateke ya kuachia peke yake. Sidai kwamba uhusiano huo unathibitisha kila kitu, lakini siwezi kuupuuza.

Mwaka huo wa 2011 ndio pia ligi ilipousogeza mstari wa teke la kuanzia kutoka yadi ya 30 hadi ya 35, ili kupunguza majeraha, hasa ya kichwa. Lengo hilo lilikuwa la haki na sitalipinga. Matokeo yake yalikuwa kwamba mateke mengi yalianza kutua katika eneo la mwisho na mrudishaji akabaki mtazamaji.

Msimu wa 2012 haukuwa na tachidauni ya kurudisha. Lovie Smith aliachishwa kazi, na Hester akasema wazi kwamba anafikiria kustaafu. Alirudi mwaka 2013 akiwa mrudishaji tu, upokeaji umewekwa kando, na mwezi Oktoba dhidi ya Washington akalirudisha teke la kuachia kwa yadi 81. Hiyo ilikuwa ya 19, na ilimfikisha sawa na Deion Sanders kwa hesabu inayojumlisha urudishaji wa kila aina. Sanders, beki nyota wa zamani, tangu utotoni alikuwa mfano wake na baadaye akawa mlezi wake katika mchezo.

Mchangiaji wa tatu: Mkuu, ile ya 20 aliifunga akiwa na timu gani? Ninakumbuka Sanders mwenyewe alikuwepo uwanjani.

Mwanzisha uzi: Kumbukumbu yako ni sahihi. Alikuwa Atlanta Falcons, na ilikuwa tarehe 18 Septemba 2014, mjini Atlanta, dhidi ya Tampa Bay Buccaneers. Sanders alikuwa pale kwa kazi ya televisheni. Hester alikuwa tayari amefunga kwa kukimbia na mpira yadi 20 katika mchezo wa kawaida, kisha akadaka teke la kuachia na kuondoka nalo yadi 62. Alipokaribia mstari alianza kuinua magoti juu na kuuweka mkono nyuma ya kichwa, mbio za madaha ambazo Sanders ndiye aliyezifanya zijulikane. Rekodi ikavunjwa kwa mwendo wa yule aliyeiweka. Falcons walishinda 56 kwa 14. Msimu huo pia alidaka pasi 38 kwa yadi 504, jambo ambalo wanaosema hakuweza kupokea pasi hulisahau.

Mwisho wake ulikuja pole pole. Jeraha la kidole cha mguu lilimla msimu wa 2015, Falcons wakamwachia, akacheza sehemu kubwa ya msimu wa 2016 na Baltimore Ravens, nao wakamwachia mwezi Desemba. Seattle Seahawks walimchukua kwa ajili ya mechi za mtoano. Mechi yake ya mwisho, Januari 2017, ilikuwa Atlanta, nyumbani kwa Falcons wale wale. Alirudisha teke la kuachia kwa umbali mrefu sana, na kosa la mwenzake la kumshika mpinzani likaifuta mbio ile, kama ilivyofutwa ya Knox mwaka 2011. Alitangaza rasmi kustaafu mwezi Desemba 2017.

Mchangiaji wa kwanza: Je, ni halali mtu anayecheza sehemu ndogo ya mechi kuingia Ukumbi wa Mashujaa, unaowaenzi magwiji wa mchezo huu?

Mwanzisha uzi: Mkuu, wapigakura nao waliuliza hivyo hivyo, na ndiyo maana alifika hatua ya mwisho mwaka 2022 na 2023 bila kuchaguliwa. Kwa kipimo cha idadi ya michezo wana hoja. Lakini kipimo hicho kinahesabu tu mara ambazo mtu aliugusa mpira. Ukumbi huo tayari ulikuwa umempokea Jan Stenerud kwa upigaji mateke na Ray Guy kwa mateke ya kuachia. Ni vigumu kueleza kwa nini wapigaji wawe na nafasi na mtu aliyewatia hofu wapigaji asiwe nayo. Mwaka 2024 walimchagua, pamoja na Dwight Freeney, Andre Johnson, Julius Peppers, Patrick Willis, Randy Gradishar na Steve McMichael. Akawa mtu wa kwanza kuingia hasa kwa sababu ya kurudisha mateke.

Sherehe ilifanyika Canton, Ohio, tarehe 3 Agosti 2024. Siku mbili kabla yake, katika mji huo huo, Bears walicheza na Houston Texans mechi ya kirafiki ya kufungua msimu, na ndipo ligi ilipoitumia kwa mara ya kwanza kanuni mpya ya teke la kuanzia, iliyowapanga wachezaji wa pande zote mbili karibu karibu na kuwazuia kuondoka kabla mpira haujatua au kudakwa, ili mrudishaji apate tena sababu ya kukimbia.